Kuosha vyombo peke yake hakutoshi

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifika, na lile la vyombo nimelisoma mara mbili. Unasema unaosha kila usiku bila kuambiwa na bado mkeo analala amenuna, kisha unaniuliza anataka nini tena. Nitakujibu bila kukuvika kilemba cha ukoka.

Kuosha vyombo ni kazi, sikatai. Lakini ni kazi yenye mwisho: vimejaa, umeosha, umekwenda kukaa. Kinachomchosha mkeo hakina mwisho na hakionekani. Nani kwenu anajua chumvi imebaki kidogo? Nani hutoa nyama kwenye friza asubuhi ili jioni ipikike? Nani hukumbuka kuloweka maharage usiku, maana yasipolowekwa yatakaa jikoni muda mrefu zaidi na gesi inaungua? Ukiwa kazini saa 8 mchana, umewahi kuwaza leo mtakula nini? Yeye huwaza. Nawe ukirudi ukamuuliza, kwa upole kabisa, "Leo tunapika nini?" umemtwisha mzigo uleule.

Sisi hapa tumegawana siku, hatukugawana kazi. Siku yangu ni yangu tangu kuwaza chakula mpaka kufuta jiko, vyombo vikiwemo. Najua wengi husema mmoja apike, mwingine aoshe. Mimi mpango huo siupendi. Anayejua kuna mtu wa kuosha hutoa kila sufuria iliyomo ndani. Anayejua ataosha mwenyewe husuuza kisu na ubao huku kitunguu kinakaangika. Siku zenyewe si lazima zilingane. Kama yeye hurudi amechelewa siku nyingi kuliko wewe, chukua zaidi na usimhesabie.

Lililo gumu ni kunyamaza siku isiyo yako. Mwenzangu kwenye kitunguu hana subira: kipande kimoja chembamba, kingine kinene, vingine bado vimeshikana kwenye shina. Vikiingia kwenye mafuta, vyembamba vinaungua kabla vinene havijalainika. Naona, nasikia harufu, nafunga mdomo. Mchuzi unaiva, tunakula, maisha yanaendelea. Mkeo naye mwombe hivyohivyo: ukiwa zamu, asije kukoroga sufuria yako wala kuongeza chumvi ukigeuka. Mtu anayesahihishwa kila akishika mwiko ataurudisha mwiko kwa mwenyewe, halafu aitwe mvivu.

Kwenye usalama tu ndipo sinyamazi. Ubao uliokatiwa kuku mbichi haukatiwi saladi mpaka uoshwe vizuri kwa sabuni. Na wali uliobaki usilale juu ya jiko. Utandaze kwenye chombo kipana upoe upesi, uingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita tangu uive. Kwenye mchele kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje, bakteria hao huzaana na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe moto mpaka utoe moshi. Tulibishana sana juu ya hili, naambiwa "mbona kwetu tulikula na hatukufa". Siku hizi yeye ndiye anayenifuata sebuleni kuniuliza kama wali nimeuweka ndani.

Basi usimpelekee mkeo hotuba. Mwambie tu siku fulani na fulani ni zako, uone atakavyokutazama. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza fungua makabati yote ujue kilichopo na kilichopungua, na kinachokosekana kanunue mwenyewe. Ukishaanza kupika, marufuku kuita "Mumeo anauliza, mwiko uko wapi?" kwa ile sauti yako ya utani, ninaijua, na wala haichekeshi mtu aliyechoka. Utafute. Jiko lenu lina droo ngapi, kwani?

Anza na kitu chepesi unachokiweza, ile nyama ya kuonyesha ufundi iache kwanza. Ukitaka kupika cha kuwashangaza wageni wakati hujui chujio linakaa wapi, mtakula saa 5 usiku.

Msalimie sana. Ukijibu nieleze ulipika nini, na kama kiliungua usinifiche, maana nitamuuliza yeye.

Wako,
Rafiki yako wa siku zote