Barua kwa Suleiman: bunduki ya Ami na lile boksi la gramu 36

Assalaam alaykum Suleiman,

Vipi hali huko kwenye baridi, wana hawajambo, mama watoto hajambo? Sie huku Wete wazima alhamdulillah, mvua inatuzungusha tu, karafuu sijui itakuaje na bei usiniulize. Bi Zuhura kakusalimu sana na anasema ile simu ulomuahidi bado anaisubiri, mie simo.

Nimeamua nikuandikie maana ile voisi yako ya juzi imeniudhi, wallahi. Unamwambia Ami "tia tu, 12 ni 12", yaani bunduki ni ya kipimo 12 na risasi ni za 12 basi zinakwenda. Weye uko Coventry, mie ndo n'naekaa nae barazani kila baada ya laasiri na keshaanza kunitazama jicho baya kama mie ndo nimemzuilia kibali, na kibali chake kimeshatoka, polisi wamekagua, kila kitu safi. Kilobaki ni lile boksi la risasi tu. Mwanawe kamnunulia Dar kwa nia njema, dukani wakamwambia hii ndo kali, hii inaua. Kali kweli. Marisau (vile vigololi vya ndani) gramu 36, ganda milimita 70. Anataka avuke nazo Tanga kwa jamaa zake akapige kanga na kwale, na bunduki yenyewe ndo ile ya marehemu babu, ya mitutu miwili, ilotengenezwa Birmingham kabla baba zetu hawajazaliwa. Ilivyonusurika unaijua mwenyewe, sina haja ya kuandika humu.

Sasa sikiliza. Ukiitoa ile mitutu ukaigeuza, chini pale kwenye bapa kuna vialama vidogo vimejaa kutu, nimevisugua kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa mpaka vikasomeka. Taji na BP, taji na BV, taji na NP, halafu kialmasi kina 12 na C, halafu NITRO PROOF 1⅛ OZ MAX. Yale mataji ni ya nyumba ya kupimia bunduki ya Birmingham, wanapima tokea 1813. Hiyo NP ndo ilonipa moyo, maana yake imejaribiwa kwa baruti isotoa moshi, ingekua imepimwa kwa baruti nyeusi peke yake n'ngemwambia Ami aitundike ukutani yakaisha. Lakini soma mwisho wake: mwisho wakia moja na thumni. Hiyo ni kama gramu 32. Gramu 36 ni wakia na robo! Bunduki yenyewe imeandikwa kikomo chake, sie tunabishana nini?

Na hilo la uzito ni dogo, kubwa ni ganda. Urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, haukuandikwa, walianza kuuandika 1925, hii ni ya kabla. Basi nikachukua rula ya chuma, nikaikata kwa tupa upana wa milimita 20, nikaiingiza taratibu, ikagota kwenye milimita 65, na ganda la Ami ni 70. Mitutu yote miwili. Ami akachukua risasi ya lile boksi akaitia, ikaingia mpaka mwisho, akafunga, akanambia "si hiyo imeingia?" Na weye ndo utasema vivo hivo nakujua. Inaingia kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ikilia, lile ganda linakunjuka na kurefuka, mdomo unakwenda kukaa pale mtutu unapoanza kubana, marisau na kizibo vinapita kwa kulazimisha na nguvu ndani inapanda. Na mitutu hii imeshaliwa na kutu ya pwani, ndani kuna vitobwetobwe ukiangalia kwa tochi, nani anajua chuma kimebaki unene gani.

Halafu kuna kitu watu wanakichanganya. Risasi isopiga teke begani si lazima iwe laini kwa mtutu. Teke linatokana na uzito wa marisau na mbio zake, nguvu ya ndani inatokana na baruti inavoungua, ipo risasi nyepesi ya baruti ya haraka na inasukuma mtutu vibaya sana. Kwa hivyo usije ukanambia "tafuta tu ya gramu 24 za kuchezea". Nataka zote mbili, ndogo na ilotengenezwa kwa bunduki kongwe za chemba ya 65.

Teke nalo nalihofia, si kwa sababu ya bega la Ami, bega lake analijua mwenyewe. Kitako. Ile mbao ya jozi nyuma ya mtambo ina ufa, mwembamba kama unywele, ukipitisha ukucha ndo unaukuta, na umeingia mafuta miaka mingi mpaka mbao imekua nyeusi. Ikipigwa kwa nguvu inapasuka pale pale. Wazungu wenyewe wana hesabu yao ya zamani, inanasibishwa na Greener yule fundi wa Birmingham, kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau yake. Fanya hesabu kwa ratili zetu, ratili moja wakia 16, ratili 6 ni wakia 96. Hii ya Ami nimeipima dukani kwa Mbwana, ratili 6 na kitu. Wakia moja basi, gramu 28, imekwisha.

Ami anasema wakia moja itamchekesha kanga. Nikamwambia Ami, marisau ya saizi namba 6 ya Kiingereza, wakia moja ina kama 270, kanga anataka mangapi? Mpige akiwa yadi 30, usimpige akiwa Mombasa. Akacheka lakini hakukubali. Ninga, wale njiwa wa kijani, hawagusi, hilo nimshukuru, anasema ninga wa Pemba hayupo pengine duniani na kweli hayupo.

Sasa shida yangu. Birmingham kwako ni treni fupi tu, nenda na hizi picha kwa fundi wa bunduki, fundi hasa, si muuza duka, umuulize. Nasikia watengenezaji risasi wa huko, Eley wana Impax ya 65 gramu 28, na Hull wana Three Crowns. Risasi USINUNUE wala usitie kwenye begi, utatutia matatani airport, nataka majina na maelezo tu, yule muuzaji wa Dar ataagiza kwa kibali chake. Na marisau ya chuma hapana, hiyo mitutu imeundwa kwa marisau ya madini ya risasi, chuma kitaikwaruza na kubomoa mdomo. Hapo pa marisau ya bismathi, yale madini mengine, sijui... we muulize tu.

Hivi huko bado wanauza maganda ya karatasi? Yakija huku si yatavimba kwa unyevu yasiingie? Fundi anaweza kupima unene wa mtutu ukiwa hapa au mpaka upelekwe? Ufa wa kitako watia gundi gani? Na weye lini unakuja, au ndo mpaka harusi ya Maryam? Yule jamaa wa Gombani kakulipa?

Ami mpigie mwenyewe umwambie asizitie zile, weye anakusikiliza. Na nijibu kabla ya Ijumaa, mwanawe anarudi Dar Jumapili na kuna maneno ya kulirudisha boksi dukani wambadilishie.

Nduguyo,
Hamadi