Malalamiko kuhusu huduma ndani ya jeti yenu ya Mombasa–Nairobi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Abiria,
Makao Makuu,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: ABIRIA KUFUNGIWA KWENYE JOTO, MKOBA WA DAWA KUCHUKULIWA NGAZINI NA HUDUMA KUTOFIKA VITI VYA NYUMA

Nawaandikia kuhusu safari yenu ya mchana kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, kwenda Uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, mwezi Machi mwaka huu. Namba ya safari, tiketi zetu mbili na risiti ninazozitaja humu nimeziambatisha. Nilisafiri na mamangu, mtu mzima wa miaka 71, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, aliyekuwa anawahi kliniki Nairobi kesho yake asubuhi.

Tulipotua nilikwenda kulalamika kwenye dawati lenu. Dada aliyekuwepo alinisikiliza, akaniambia, “Lakini mama, hii ni safari ya dakika arobaini na tano tu.” Jibu hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Dakika 45 ni za angani. Sisi tuliingia ndani ya ndege saa nane kasorobo mchana na tukashuka saa kumi na dakika kumi. Muda wote huo tulikuwa mikononi mwenu, tumeketi mlipotuketisha, tukivuta hewa mliyotupa. Nyinyi mnahesabu kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi. Abiria anahesabu kuanzia mlango unapofungwa.

Nianze na mkoba. Kwenye tovuti yenu mmeandika kwamba kila abiria anaruhusiwa kuingia na mkoba mmoja wa kilo saba, na vipimo vyake mmevitaja kwa sentimita. Mkoba wa mama haukuzidi. Ulipimwa kaunta, ukafungwa kibandiko cha kuruhusiwa ndani. Tulipofika chini ya ngazi, kijana wenu mwenye kizibao cha njano akasema mikoba yote yenye magurudumu inabaki, makabati ya juu ni madogo.

Ni madogo kweli, sibishi. Dari la ndege ile halifiki mita 1.9, watu warefu wanatembea wameinama, madirisha yako chini usawa wa kiwiko, na kabati la juu linameza begi la kompyuta na koti, basi. Jeti hizi za viti 50 zilianza kubeba abiria miaka ya 1990, zikatumika sana Marekani na Ulaya kuunganisha miji midogo na viwanja vikubwa. Kule ni kawaida mkoba wa magurudumu kuachwa mlangoni mwa ndege na kurudishwa hapohapo mlangoni, na abiria anaujua utaratibu huo mapema. Nyinyi mnauza tiketi kwa vipimo vya ndege kubwa, kisha habari ya udogo wa ndege tunaipata tukiwa juani, mguu mmoja uko kwenye ngazi.

Nilimwambia yule kijana kwamba ndani mna insulini, kipima sukari na biskuti za mgonjwa. “Mama, tunachelewa. Mtaipata Nairobi.” Nikaomba anipe nafasi nifungue zipu tu, nitoe kimfuko kimoja. Mkoba ulikuwa umekwisha kurushwa juu ya toroli. Mbele yetu bwana mmoja alijitolea mwenyewe kusema kwamba ndani ya begi lake mna pawabenki mbili, zile betri za kuchajia simu. Naye akaambiwa aharakishe kupanda. Hilo si jambo la starehe tena. Kila kampuni ya ndege inajua kwamba pawabenki na betri za akiba za lithiamu hazitakiwi kwenye shehena. Zikishika moto ndani ya kabini, mhudumu anaona moshi na kuuzima. Zikishika moto chini kwenye mizigo, hakuna aliye karibu nazo. Mfanyakazi anayechukua mikoba ngazini ana maswali mawili ya kuuliza, kuhusu betri na kuhusu dawa. Siku ile hakuuliza hata moja, na alipoambiwa bila kuuliza, hakusikia.

Joto la Mombasa mwezi Machi hamhitaji kuelezwa na mimi. Mlango ulipofungwa, rubani akatangaza kwamba ule mtambo mdogo wa mkiani, unaoleta umeme na hewa ya baridi wakati injini zimezimwa, una hitilafu. Kwa hiyo ubaridi tutaupata injini zikiwashwa, na injini hazitawashwa mpaka ruhusa ya kuondoka itoke, kwa sababu Nairobi kuna msongamano. Namshukuru kwa kusema ukweli. Malalamiko yangu ni kwa waliokuwa chini, waliojua kwamba mtambo ni mbovu na ruhusa haijatoka, na bado wakatupakia.

Nafahamu kwamba ndege inaweza kuruhusiwa kuruka mtambo huo ukiwa haufanyi kazi. Lakini kuna gari la kupuliza hewa baridi ambalo huletwa kando ya ndege na kuunganishwa kwa bomba. Sikuliona. Kulikuwa na jengo la abiria lenye kivuli, viti na mabomba ya maji, mita chache kutoka pale, mngetuacha humo. Mlango ungeweza kuachwa wazi. Badala yake tuliketi zaidi ya saa nzima, vitundu vya hewa juu ya vichwa vyetu tumevifungua vyote na havitoi kitu. Kadi za maelekezo ya usalama zikageuka za kujipepea. Bwana wa kiti cha mbele yangu alivua koti, kisha tai, kisha viatu, nikaanza kuwa na wasiwasi tutaishia wapi. Mtoto mchanga wa safu ya pili kutoka kwetu alibakishwa na nepi tu, akalia mpaka sauti ikakauka.

Kisha mamangu akaanza kutoa jasho la namna nyingine. Anayeishi na mgonjwa wa kisukari analijua. Ngozi inakuwa baridi hata kama hewa ni ya moto, vidole vinatetemeka, na mtu anakuuliza jambo ulilomjibu sasa hivi. Kipima sukari kiko kwenye mkoba. Biskuti ziko kwenye mkoba. Nikabonyeza kengele. Mhudumu alikuja, naye peke yake kwa ndege nzima, nikamwambia sukari ya mama inashuka, namwomba juisi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba vinywaji vimefungwa kwenye toroli na huduma huanza ndege ikishapaa.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa nyuma yetu. Alifungua kikopo chake cha tende, akanyoosha mkono juu ya kiti: “Mpe hizi, mwanangu. Atafune, asizungumze.” Mama alipokuwa kwenye tende ya tatu, mhudumu akarudi na pakiti ya juisi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameitoa kwenye chakula chake mwenyewe. Nasema wazi hapa: asiadhibiwe kwa lolote. Amefanya alichoweza ndani ya utaratibu ambao hakuutunga yeye. Mtu aliyeketi mezani akaamua kwamba hata glasi ya maji haitoki mpaka tupae ndiye ninayetaka asome barua hii.

Kuhusu huduma ya angani sina mengi, kwa sababu hatukuiona. Desturi ya usafiri wa anga ni angalau mhudumu mmoja kwa viti 50, kwa hiyo kwa idadi mko sawa. Lakini hebu fanyeni hesabu pamoja nami. Toa muda wa kupaa ambao naye lazima awe amejifunga mkanda, toa muda wa kushuka, na kilichobaki hakifiki nusu saa. Katika muda huo atembeze toroli, amimine chai, arudishe chenji kwa anayenunua korosho, akusanye vikombe. Alifika safu ya tisa, taa ya mikanda ikawaka, toroli likarudi mbele. Sisi tulikuwa safu ya 12. Kwa nini chupa ndogo ya maji isiwekwe mkononi mwa kila abiria pale mlangoni anapoingia? Kwa nini toroli lisianzie nyuma siku nyingine? Kwa safari fupi namna hii trei ya mkononi ingetosha, na chai ya kumimina si ya lazima kabisa. Nani aliwaambia tunataka chai ya moto tukiwa juu ya Voi?

Safu ya 12 nayo ina kisa chake. Nilikuwa nimelipia zaidi ili mama akae safu ya tatu, karibu na mlango, mbali na injini, kwa sababu kwenye jeti hii injini ziko mkiani na kelele yake nyuma hairuhusu mazungumzo. Tulipoingia tukaambiwa twende nyuma, ndege inahitaji kuwekwa sawa uzito. Sawa, ndege ndogo lazima isawazishwe, na hakuna mwenye akili atakayebishana na rubani juu ya hilo. Ila fedha ya kiti mlibaki nayo. Choo, ambacho ni kimoja na kilikuwa jirani yetu, hakikuwa na maji.

Halafu matangazo. Yote yalikuwa kwa Kiingereza tu, pamoja na maelekezo ya usalama. Mamangu amelea watoto na wajukuu, amefanya biashara sokoni Kongowea miaka mingi, na Kiingereza hakijui. Katiba yetu, Ibara ya 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Katika ndege inayotoka Mombasa kwenda Nairobi, maelezo ya mlango wa dharura uko wapi na barakoa ya oksijeni inavutwa vipi hayakusemwa kwa lugha inayoeleweka na karibu kila aliyekuwemo. Nilimtafsiria mimi. Je, mzee aliyesafiri peke yake, alitafsiriwa na nani?

Nairobi mkoba haukurudishwa ngazini. Tulielekezwa kwenye mkanda wa mizigo, ukatoka mwisho kabisa. Insulini haitakiwi kuganda wala kukaa kwenye joto kali, na hii ilikuwa imekaa juani Mombasa juu ya toroli muda wote tuliokuwa tukisubiri ndani. Mfamasia alituambia tusiitumie, tukanunua nyingine usiku uleule. Risiti ni ile ya tatu kwenye kiambatisho.

Mtaniambia ningepanda treni. Huenda. Madaraka Express inachukua kama saa tano mpaka sita, lakini mama angekaa na mkoba wake mapajani, angesimama anyooshe miguu, angenunua chai saa aitakayo. Wanaopanda ndege badala ya treni wananunua muda na wepesi, hasa wagonjwa. Sisi muda tuliupata kidogo. Wepesi hatukuuona.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie malipo ya kiti cha safu ya tatu na gharama ya insulini, kama zilivyo kwenye risiti. Mrekebishe maelezo ya mkoba kwenye tovuti na kwenye tiketi ili yalingane na ndege mnayoitumia kweli kwenye njia hii, na wafanyakazi wa ngazini wafundishwe kuuliza habari za dawa na betri kabla hawajachukua begi la mtu. Mtambo wa hewa ukiwa mbovu, abiria wasipakiwe mpaka ruhusa ya kuondoka iwe imetoka au gari la hewa baridi liwe limeunganishwa. Mhudumu apewe ruhusa ya kutoa maji na kitu chenye sukari ndege ikiwa bado chini, bila kuomba kibali cha mtu. Na matangazo yasomwe kwa Kiswahili pia. Hayo hayahitaji ndege mpya.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, lenye jina na cheo cha aliyeliandika. Ujumbe wa kompyuta wa “maoni yako ni muhimu kwetu” nimekwisha kuupata, na hautahesabiwa. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya fidia anapopata hasara. Siku hizo zikipita kimya, nitaipeleka barua hii pamoja na viambatisho kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na kuhusu suala la pawabenki naituma nakala kwao leo hii, kwa kuwa hilo halingojei majibizano yetu.

Kliniki ya mama inayofuata ni mwezi ujao. Tiketi sijakata.

Wenu,

Abiria wa kiti 12C
Mombasa
(Jina, anwani na namba ya simu vimo kwenye fomu iliyoambatishwa.)

Nakala: Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (aya zinazohusu betri na mikoba)