Barua kwa mpwa wangu aliye Dubai: KICC usiiguse

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Nairobi. Mama yako ni mzima na anangoja simu yako. Nimeamua kukujibu hapa hadharani kwa sababu uliyoyaandika kwenye grupu la familia yamesomwa na kila mtu, mpaka nyanya yako: eti mtu akitoka chini ya Burj Khalifa akaja kuitazama KICC, jumba letu la mikutano la kimataifa la Kenyatta hapa Nairobi, ataiona kama mnara wa tangi la maji. Haya. Mita 828 kwa mita 105, hapo sina la kubisha.

Hata mimi hilo jengo lenu nalipenda, ila si kwa sababu ya urefu. Nalipenda kwa ujanja wake. Jengo likipanda kiasi hicho, kinacholisumbua zaidi ni upepo. Ukipita ubavuni unajizungusha na kulisukuma huku na huku, na misukumo hiyo ikija kwa mpigo mmoja, jengo zima linaanza kuyumba. Basi msanifu Adrian Smith na mhandisi Bill Baker wakalipa mbawa tatu zinazoegemeana katikati, kisha wakazipunguza kwa zamu kadiri zinavyopanda, mara huu, mara ule, ili upepo usikute umbo lile lile kila mahali. Unavurugika, unakosa mpigo. Na zege la miezi ya joto lilimwagwa usiku, likichanganywa na barafu, kwa sababu jua la huko lingeliharibu kabla halijakaa sawa. Watu wanapiga picha kilele tu, akili yenyewe iko kwenye zile mbawa.

Sasa rudi nyumbani. KICC haikuchorwa ishindane na mtu. Mwanzoni ilikusudiwa kuwa makao makuu ya KANU, chama kilichokuwa kikitawala, kitu cha kiasi. Kisha ikajulikana kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wangefanya mkutano wao wa mwaka 1973 Nairobi, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na mji ulihitaji ukumbi wa kuwatosha. Mchoro ukatanuka. Waliouchora ni wawili: Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe aliyekuja kufanya kazi serikalini, na David Mutiso, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika hapa Kenya. Ujenzi ulianza 1967, na Septemba 1973 wageni wakaingia. Ni katika mkutano huo Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, alitoa ile hotuba yake maarufu kuhusu umaskini wa kupindukia, ndani ya ukumbi mpya unaong'aa. Wakubwa hawa!

Siku ukija, usikimbilie lifti. Simama kwanza uani. Utaona mnara haukusimama peke yake. Pembeni kuna ule ukumbi wa duara wenye paa lililochongoka kama pia, ambao wengine huuona kama nyumba ya msonge na wengine kama ua la yungiyungi lililofumba. Mmoja umelala, mwingine umesimama. Ondoa ile pia, mnara unabaki nguzo tu; ondoa mnara, pia inabaki kibanda kikubwa. Halafu sogea karibu na ukuta. Hakuna rangi ya kopo pale inayobambuka kila mvua, zege lenyewe lina wekundu wa udongo uliochomwa, na saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande wa Uhuru Park, wekundu huo unakolea mpaka unadhani jengo limebadilishwa. Madirisha nayo yamekaa ndani, katikati ya mbavu za zege zinazopanda wima hadi juu, kwa hiyo kila dirisha lina kivuli chake. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulielewe: wale wa kwenu walihangaika na upepo, wa kwetu wakahangaika na jua la ikweta, na kila mmoja akapata sura yake humo.

Ndiyo maana nakasirika nikipita mitaa mingine ya hapa mjini. Jengo limevikwa vioo toka chini hadi juu, viyoyozi vinanguruma mchana kutwa, katika mji ambao Julai watu wanavaa sweta ofisini! Si yote, lakini. Britam Tower pale Upper Hill, la 2017, lina mita 200, linaanza likiwa mraba chini na kwenda likijichonga mpaka juu. Hilo nalivulia kofia.

Na usisahau kwamba KICC huwa unaibeba mfukoni ukiwa nyumbani. Noti zote zilizotolewa 2019, toka hamsini hadi elfu moja, zina picha yake. Watu wakaenda mahakamani kulalamika kwamba sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, ile iliyo uani kwa KICC, imeonekana humo, na Katiba inakataza sura ya mtu kwenye pesa. Kesi ilitupwa. Kuhusu jengo lenyewe, sikusikia mtu akilalamika.

Desemba ukija tutapanda juu mpaka pale helikopta inapotua. Lifti haifiki mwisho, mwishoni kuna ngazi, kwa hiyo vaa viatu vya maana. Twende asubuhi mapema, kabla ya ukungu wa moshi wa matatu, uone Milima ya Ngong upande mmoja na mbuga ya wanyama upande mwingine, na Bunge na saa yake chini ya miguu yako. Kiingilio nitalipa mimi. Wewe beba kitambulisho tu, maana askari wa getini hawana habari kwamba umetoka Dubai.

Mjomba wako