Barua ya wazi kwa Meya wetu: tunaomba ufunguo wa mashine ya kukaushia mpunga

Mheshimiwa Meya,

Pokea salamu zangu na za mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyenituma niandike. Nakala ya Kitagalog nitakuletea mwenyewe ofisini. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili ya ndugu zangu wa Mbarali na Kyela, kwetu Tanzania, wanaoishi na shida hii hii. Nilipoolewa hapa Nueva Ecija, Ufilipino, maneno matatu ya kwanza hayakunipa tabu: palay ni mpunga, bigas ni mchele, kanin ni wali. Nikajua nimefika kwa watu wanaolima kama sisi.

Mheshimiwa, kibao kimesimikwa kando ya barabara yetu: marufuku kuanika mpunga. Sikupingi. Najua sheria inakataza, na najua kwa nini. Mpunga unachukua nusu nzima ya barabara, tunapanga mawe na matawi pembeni, na usiku mwenye pikipiki asiyeyaona anaanguka. Shemeji yangu alivunjika mkono hivyo, tena kwenye mpunga wa jirani yetu. Lakini kibao kimetuambia mahali pa kutokuanika tu. Pa kuanika hakikusema.

Uwanja wa mpira wa kikapu wa kijiji ndio sakafu pekee ya saruji tuliyo nayo. Unatosha kaya tatu kwa siku. Mavuno ya msimu wa mvua yanapofika, Septemba na Oktoba, kila mtu anavuna wiki ile ile, na mvua hiyo hiyo inatuangalia. Mwaka jana tulipata zamu yetu siku ya nne. Tulianika asubuhi, mama mkwe akawa anapita na reki ya mbao kila baada ya nusu saa, akigeuza, akiokota punje moja na kuing'ata. Ikilia kwa ukavu, anatabasamu. Ikibonyea, anaendelea kugeuza. Saa nane mchana wingu likaja kutoka upande wa milima. Tulianua mbio, watoto wameshika maturubai, bibi wa jirani anafagia kwa mikono miwili, na bado magunia sita yalilowa.

Usiku ule niliingiza mkono ndani ya gunia. Lilikuwa la moto kama mtoto mwenye homa. Asubuhi mpunga ulikuwa umeanza kuota, na tukaukimbiza kwa mlanguzi kabla haujanuka. Alijua hatuna ubavu wa kusubiri. Alitaja bei akiwa bado ndani ya gari, na tukaipokea.

Hapo ndipo hasara yetu ilipo. Aprili 2024 baraza la NFA, wakala wa taifa wa chakula, liliweka bei ya kununulia mpunga mkavu kati ya peso 23 na 30 kwa kilo, na mbichi kati ya peso 17 na 23. Mkavu maana yake ni unyevu wa asilimia 14. Kwa hiyo mkulima yule yule, shamba lile lile, mbegu ile ile, anapoteza peso kadhaa kwa kila kilo kwa kukosa pa kukaushia. Ushuru wa mchele wa nje ulioshushwa kutoka asilimia 35 hadi 15 mwaka 2024, na uagizaji uliosimamishwa kwa muda kuanzia Septemba 1, 2025, ni mambo ya serikali kuu, Manila. Sikuombi uyabebe. Hili la sakafu na mashine liko mikononi mwako.

Maana mashine ipo, Mheshimiwa. Ipo kwenye banda nyuma ya ghala, tumeiona kupitia upenyo wa mlango: kitanda kikubwa cha chuma chenye matundu, feni, na tanuri linalochoma pumba. Pumba! Kwenye mashine za kukoboa zimerundikana kama vichuguu. Banda lina kufuli tangu lilipojengwa. Tukiuliza, tunaambiwa mashine inataka tani nyingi kwa mkupuo mmoja na sisi wakulima wadogo hatuzifikishi. Ni kweli, mwenye hekta moja hafikishi peke yake. Lakini wawili wakiunganisha wanafikisha. Majirani watatu tumekwisha kukubaliana kupanda mbegu moja msimu ujao, ili mpunga wetu ukichanganywa usiharibike kinuni, mmoja ukikatika chenga kwa kukauka kupita kiasi na mwingine ukiwa bado mbichi.

Tunaomba ushirika wetu ukabidhiwe ufunguo kabla ya Septemba. Tunaomba kijana mmoja wa kijijini afundishwe kulisha tanuri na kupima unyevu, na tozo ilipwe kwa gunia baada ya kuuza, si kabla. Na hadi hapo, tunaomba ukingo mmoja wa barabara ya shambani, si barabara kuu, umwagiwe saruji. Vijana wamesema watachota mchanga na kuuchanganya wenyewe bila malipo.

Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na mama mkwe. Atakuwa amebeba kopo la mpunga wa mwaka jana, ule ulioota. Anataka uung'ate mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mkwe wa kijiji, kutoka Mbarali
Nueva Ecija, Ufilipino