Barua ya wazi kwa wifi yangu: miguu ya mtoto inapopinda

Wifi yangu mpendwa,

Umeuliza kama mtoto afungwe vibao miguuni au akandwe kwa mafuta kila jioni. Usifanye lolote kati ya hayo. Najibu hadharani kwa sababu swali lako linaulizwa katika nyumba nyingi, na watoto wanaumizwa kwa nia njema.

Mfupa wa mtoto haurefuki katikati. Hurefuka karibu na ncha, penye goti na vifundo vya mkono na mguu, ambako kuna tabaka la gegedu, ile tishu laini inayogeuka kuwa mfupa, lenye unene wa milimita chache tu. Humo seli za gegedu zimejipanga safu kwa safu, moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Zilizo upande wa ncha hujigawa. Zilizo upande wa pili zimekwisha kuacha kujigawa. Hizo huvimba hadi mara kumi ya ujazo wake wa mwanzo au zaidi, na huko kuvimba ndiko hasa kunakousukuma mfupa urefuke. Baadaye madini ya kalsiamu na fosfeti hutuama katikati ya safu, seli nyingi zilizovimba hufa, mishipa ya damu hupenya, na seli za kujenga mfupa huja nyuma yake.

Matege ya upungufu wa vitamini D au kalsiamu, yaani ugonjwa wa kulainika mifupa ya watoto, huharibu hatua hiyo ya mwisho. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, tezi ndogo za shingoni huongeza homoni inayoinyang'anya mifupa kalsiamu, na homoni hiyohiyo huzifanya figo zimwage fosfeti kwenye mkojo. Bila fosfeti ya kutosha, seli zilizovimba hazifi kwa wakati wake. Zinarundikana. Tabaka linanenepa, linabaki laini, na mtoto akisimama uzito wake unalikunja. Ndiyo maana vifundo vya mikono navyo huvimba, na mbavu huota vinundu mbele ya kifua. Kibao hakiwezi kurekebisha fosfeti, na mfupa uliolainika unaweza kuvunjika ukikandwa kwa nguvu.

Ila si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Wengi huwa na miguu ya upinde hadi miaka 2, kisha magoti hugusana kati ya miaka 3 na 4, na hunyooka wenyewe kufikia miaka 7 hivi. Mlaze chali, vifundo vya miguu vigusane, upime nafasi kati ya magoti. Ikizidi sentimita 6, au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, au hali inazidi baada ya miaka 2, au vifundo vya mikono vimevimba, mpeleke hospitali. Omba picha ya eksirei ya kifundo cha mkono na goti. Ukingo wa mfupa unapokutana na gegedu hutakiwa kuwa mstari safi. Kwenye matege ya ugonjwa huwa umechakaa kama nguo iliyochanika pindo, na umebonyea. Damu ipimwe kalsiamu, fosfeti na alkalini fosfatezi, kimeng'enya cha ujenzi wa mfupa ambacho hupanda kwenye ugonjwa huu.

Ikithibitika, dozi ya kawaida ya vitamini D kwa aliye chini ya mwaka 1 ni yuniti za kimataifa (IU) 2000 kwa siku, na kwa aliyevuka mwaka ni 3000 hadi 6000, kwa siku zisizopungua 90, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kwa siku kutoka kwenye chakula au dawa. Daktari ndiye apange. Usimpe dozi kubwa ya mkupuo kwa kuhesabu mwenyewe: kalsiamu ikizidi, mtoto hutapika, hufunga choo, hukojoa sana, na figo huumia.

Chakula kina nafasi yake. Glasi moja ya maziwa ina kalsiamu takriban miligramu 300, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina. Uji wa nafaka tupu hauna kalsiamu ya kutosha, na kuna kitu kwenye nafaka kinachoizuia isifyonzwe. Kuuchachusha unga kunapunguza hilo. Jua nalo ni lazima, ila lililopita kwenye kioo cha dirisha halitengenezi vitamini D.

Mko Arusha, basi ulizeni pia maji. Vyanzo vingi vya huko vina floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na floraidi ikizidi kwa mtoto aliyepungukiwa kalsiamu nayo huweza kupindisha miguu. Kuchemsha hakuiondoi, huifanya ikolee zaidi. Vichujio vya mkaa wa mifupa, vilivyofanyiwa utafiti Ngurdoto hukohuko mkoani Arusha, huipunguza. Magadi kwenye mboga nayo huongeza floraidi.

Baada ya miezi 3 picha irudiwe. Mstari mpya wa chokaa ukionekana, gegedu limeanza kufuata utaratibu wake, ingawa kunyooka kwenyewe huchukua muda mrefu, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Usipoonekana licha ya dawa kuliwa vizuri, daktari achunguze figo na ugonjwa wa kurithi wa kupoteza fosfeti, ambao vitamini D ya kawaida haiuponyi. Upasuaji usikubaliwe kabla vipimo vya damu havijarudi kawaida, maana mfupa ulionyooshwa juu ya gegedu gonjwa hupinda tena.

Wifi yako