Dume anakata wenzake mapezi? Tuanze na swichi ya taa

Malalamiko tunayoyasikia zaidi kwenye duka letu la samaki wa kufugwa tangini, hapa Kisumu, ni ya dume mmoja kuwakata wenzake mapezi. Mteja huja akitaka kumrudisha, au dawa ya kumtuliza. Sisi humwuliza kwanza: taa ya tangi huzimwa saa ngapi? Kwenye mahoteli na baa, jibu mara nyingi ni kwamba haizimwi.

Ikweta inapita karibu na mji wetu, kwa hivyo mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, tofauti yake dakika chache tu. Samaki wa ziwani kama ngege na fulu wamezoea giza refu kila siku. Huko Norwe na Uskoti, ambako mchana hurefuka na kufupika sana, wafugaji wa samoni huwasha taa majira ya baridi ili kuchelewesha samaki kukomaa. Urefu wa mwanga una nguvu kiasi hicho.

Juu ya ubongo wa samaki, chini tu ya fuvu, kuna tezi ya pineali inayohisi mwanga yenyewe, hata bila msaada wa macho. Giza likiingia, tezi hiyo huchukua serotonini, kemikali ya mwilini, na kuigeuza kuwa melatonini, homoni inayoupa mwili habari kwamba ni usiku. Taa ikiwaka mpaka asubuhi, habari hiyo haifiki, na dume mwenye eneo lake anaendelea kulinda doria.

Serotonini ina kazi nyingine pia ubongoni. Kwa samaki wengi, ikipanda, ukali hushuka. Hutengenezwa kutokana na triptofani, kijenzi kimojawapo cha protini, ambayo samaki hawezi kujitengenezea, lazima aile. Trauti waliolishwa chakula chenye triptofani nyingi kwa siku 7 walipunguza kushambulia wenzao. Lakini tafadhali usitie tembe za binadamu majini (ndiyo, tumeulizwa).

Watu wengi hukosea hapa: samaki aliyetulia kwenye kona, rangi imekuwa nyeusi-nyeusi, hataki kula, si mpole. Amepigwa. Kwa samaki anayeonewa, shughuli ya serotonini ubongoni hupanda na kubaki juu, na hamu ya kula hupotea. Huyo ndiye wa kuhamishwa haraka, kabla hata ya kumhukumu dume.

Taa peke yake haitamaliza ugomvi ikiwa tangi limejaa kupita kiasi au halina mawe ya kujificha, na hilo tutakuambia waziwazi. Ila ndiyo hatua ya bei nafuu. Washa kwa saa 8 hadi 10, muda uleule kila siku. Hata ule ukijani wa kwenye kioo utapungua. Taa za chumba zitangulie kuwaka, zichelewe kuzimika, samaki wasishtuke.

Sisi hufunga taima, yaani swichi ya saa inayowasha na kuzima taa yenyewe, mjini na hata Ahero na Maseno. Tunapendekeza yenye betri ndani, kwa sababu ile ya kuzungusha husimama stima ikipotea, na baada ya wiki moja ya kukatika-katika taa yako itakuwa inawaka usiku wa manane. Baa isiyoweza kuzima taa zake tunaishonea pazia zito la kufunika kioo. Tukija kukagua tutakuja usiku, baada ya saa mbili, maana mchana hatuwezi kuona taa ipi inamulika tangi lako.