Ni hataza, si hakimiliki

Mhariri,

Habari yenu fupi kuhusu rufaa ya simu za mezani zisizo na waya ilisema kampuni "imenyang'anywa hakimiliki". Hakimiliki ni ya mtunzi wa kitabu au wimbo. Kilichogombewa pale ni hataza (patent), yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, wala hakuna aliyenyang'anywa. Nilikuwepo: vikao vya rufaa vya Ofisi ya Hataza ya Ulaya viko wazi kwa umma, nami naishi vituo vichache vya treni kutoka Haar, nje kidogo ya Munich, ambako kikao hicho kilifanyika.

Kilichonipeleka ni Kariakoo. Miaka ya 1990 nilikuwa nikitengeneza simu hizo kibandani, zile zenye antena ndefu na chaneli 10 tu. Lalamiko lilikuwa lilelile: "Fundi, namsikia jirani." Dawa ilikuwa kubonyeza kitufe cha chaneli mpaka jirani apotee. Simu za siku hizi zisizo na waya, za mfumo wa kidijitali uitwao DECT, hufanya kazi hiyo zenyewe. Huku Ulaya zina masafa 10 ya redio, na kila moja hubeba mazungumzo 12 kwa kupokezana muda, yaani chaneli 120. Mkonga husikiliza kwanza, hupima wapi pametulia, ndipo huomba nafasi. Pakichafuka katikati ya maongezi huhama, na nyinyi mnaendelea kupiga soga.

Jopo lilikuwa na watu watatu: wawili wa ufundi, mmoja wa sheria. Hawakuuliza nani kamwibia nani. Waliuliza kama fundi wa kawaida, akiwekewa maandiko ya zamani mezani, angefikia uvumbuzi uleule bila kuumiza kichwa. Fundi huyo wa kisheria ni kiumbe wa ajabu! Amesoma kila kilichochapishwa duniani, ila ubunifu hana hata chembe. Mimi ni kinyume chake.

Mwenye hataza alidai kwamba simu kukumbuka chaneli iliyosumbua na kuikwepa ni uvumbuzi. Wapinzani wakatoa maandiko mawili ya zamani, wakayaunganisha. Jopo likatoka, likarudi: hataza imebatilishwa. Kisheria maana yake ni kwamba haikuwahi kuwepo tangu siku ya kwanza. Sasa atanyang'anywaje asichowahi kuwa nacho?

Hata hivyo, ningekuwa mimi ningemwachia. Mteja mmoja wa Mtaa wa Congo aliniletea simu ileile mara tatu kwa jirani yuleyule, na mara zote tatu sikuwaza kwamba simu ingeweza kukumbuka.

Fundi wa zamani wa Kariakoo,
Munich, Ujerumani